Diski niliyoihukumu

Jumanne jioni jaribio lilikwisha. Lilikuwa limekwenda siku tatu bila kupumzika, likiandika na kusoma kila sehemu ya diski ya TB 4, mara nne, kwa ruwaza nne tofauti. Mwisho wa yote skrini ikaleta sifuri tatu: 0/0/0. Hakuna hata bloku moja mbovu.

Nikaichomoa, nikaishika mkononi. Ilikuwa bado ina joto.

Diski ile ilikuwa nzima.

Na Jumamosi mchana mimi ndiye niliyeitoa kwenye safu, yaani diski nne zinazofanya kazi kama moja, nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika juu yake neno moja: IMEKUFA.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa wiki sita. Data niliyopoteza ni kidogo sana, baiti 12,288 tu. Kinachoniuma ni kwamba jaribio lililonithibitishia kuwa diski ni nzima ndilo hilohilo lililofuta kitu pekee ambacho kingeweza kurudisha baiti hizo.

## Jumamosi hadi alfajiri

Mnaoendesha mdadm, programu ya Linux ya kusimamia safu za diski, nyumbani mnaujua mstari huu. Unaandika `cat /proc/mdstat`, na mambo yakiwa shwari unaona [UUUU], U moja kwa kila diski iliyo kazini. Mimi niliona [UU_U]. Diski ya tatu, sdc, ilikuwa imetolewa.

Nilifanya kile ambacho ningemshauri mtu mwingine yeyote afanye. Nilikuwa na diski mpya imekaa kwenye droo tangu mwaka jana, inasubiri siku kama hiyo. Nikazima mashine, nikaitoa sdc, na kwa kuwa nilitaka kujua imeugua nini, saa tisa alasiri nikaichomeka kwenye kompyuta nyingine na kuanzisha badblocks kwa `-w`, lile jaribio linaloandika juu ya kila kitu. Sikuona hatari. Diski tatu zilizobaki zilikuwa na kila kitu, RAID 5, mpangilio unaovumilia kupotea kwa diski moja, ndivyo inavyoahidi.

Saa tano usiku nikaweka diski mpya na kuamuru safu ijijenge upya. TB 4 kwa mwendo wa MB 130 kwa sekunde ni saa nane na nusu hivi. Nikaenda kulala.

Saa kumi na nusu alfajiri nilipoangalia, ujenzi ulikuwa umesimama kwenye asilimia 63.2, na mstari ulikuwa unasoma [_U_U]. Diski ya kwanza, sda, nayo imetolewa. Kwenye RAID 5 ya diski nne, zikiondoka mbili hakuna safu tena.

Nilikimbilia ile kompyuta ya pili. Jaribio lilikuwa limeshamaliza kuandika diski nzima tangu usiku, na sasa lilikuwa linasoma kile lilichoandika.

Nikaliacha liendelee. Hapakuwa na cha kuokoa tena pale, na angalau jibu nililitaka.

## Sekunde 30

Jibu lilipokuja Jumanne, ndipo swali lenyewe lilipoanza. Kama sdc ni nzima, nani aliitoa?

Nilianza kushuku kebo. Kebo ikiwa legevu, kaunta namba 199 ya SMART (mfumo wa diski wa kujipima wenyewe), ile ya makosa ya CRC, yaani data inayoharibika njiani, hupanda. Yangu ilikuwa sifuri. Nikashuku umeme, UPS (betri ya akiba) haikuwa na kumbukumbu ya kitu chochote siku hiyo. Basi nikafungua logi ya kerneli, kiini cha Linux, ya Jumamosi na kuisoma mstari kwa mstari.

Saa 7:41 mchana kerneli inaiomba sdc sekta moja, kipande kidogo cha diski. Kimya. Sekunde 30 zinapita. Kerneli inakata mawasiliano na kuyaanzisha upya. Diski haijibu, bado imeshughulika. Kerneli inajaribu tena, inakata tamaa. Sehemu ya md, ile inayosimamia safu, inapokea taarifa kwamba diski haipo, inaitoa.

Nilisoma mistari ile mara nyingi kabla ya kuelewa ninachokitazama.

Diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani imeundwa kwa maisha ya upweke. Inachukulia kwamba nakala iliyo nayo ndiyo nakala pekee duniani. Ikikuta sekta isiyosomeka, inairudia tena na tena, inasogeza kichwa kidogo huku, kidogo kule, na inaweza kuendelea hivyo kwa dakika mbili au zaidi kabla ya kukubali kwamba imeshindwa. Kwa kompyuta yenye diski moja, huo ni uaminifu. Ndani ya safu ni balaa, kwa sababu Linux kwa kawaida huisubiri sekunde 30 tu. Diski bado imeinamia sekta yake, huku nje imeshahesabiwa kuwa marehemu.

Diski zilizotengenezwa kwa ajili ya safu hufanya kinyume. Zikikuta sekta ngumu huhangaika sekunde 7 hivi, halafu husema wazi: hii siwezi. Na hapo ndipo uzuri wote wa RAID ulipo. Sehemu ya md ikisikia "siwezi", inakwenda kwa diski nyingine, inakokotoa kilichokuwa kwenye sekta ile, inakupa, kisha inaiandika upya palepale kwenye diski iliyoshindwa. Mara nyingi kuandika upya kunatosha: sekta inapona, au diski inaihamishia kwenye akiba yake ya ndani. Kazi yote inachukua sekunde chache, na hakuna mtu anayeamshwa usingizini.

Yaani sdc ilikuwa na sekta moja ngumu kati ya karibu bilioni nane. Ingeruhusiwa kusema "siwezi", ingetibiwa pale pale.

Sikuiruhusu. Tuliizika ingali inahema.

Dawa ya jambo hili ni mstari mmoja. `smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdX` inaiambia diski iache baada ya sekunde 7, maana namba hizo ni sehemu za kumi za sekunde. Diski ikikataa, na nyingi za bei nafuu hukataa, unafanya kinyume chake: unaifundisha kerneli subira, kwa kuandika 180 ndani ya `/sys/block/sdX/device/timeout`. Yote mawili husahaulika mashine ikizimwa, kwa hiyo lazima yawekwe kwenye kanuni ya udev au hati inayojiendesha kila mashine inapowaka. Mimi nilikuwa nimeendesha safu ile miaka mitano bila mstari huo. Niliwahi kuusoma mahali, nikauchukulia kuwa ni wa watu wenye seva kubwa.

## Barua za wiki 11

Bado palikuwa na sda. Ile haikuwa imesingiziwa.

Nilipokuwa natafuta logi nilifungua, bila kutegemea chochote, faili `/var/mail/root`. Humo nilikuta barua za smartd, programu inayofuatilia SMART. Ya kwanza ilikuwa na umri wa wiki 11, na ujumbe wake ulikuwa mstari mmoja: sda ina sekta 24 zisizosomeka, zinazosubiri.

Wiki 11.

Programu ilifanya kazi yake. Iliona, ikaandika, ikatuma. Ilituma kwa root, akaunti kuu ya mfumo, ndani ya mashine ileile, kwenye sanduku ambalo sijawahi kulifungua tangu nilipoweka mfumo. Nilikuwa nimeweka smartd, nikaona imeandikwa "active", nikaridhika. Sikuwahi kujiuliza ikipiga kelele, sauti inafika wapi.

Sasa kila mwezi naendesha `mdadm --monitor --scan --oneshot --test`, ambayo hutuma barua ya majaribio kwa kila safu, na kazi haijaisha mpaka simu yangu iite. Smartd nayo ina neno `-M test` kwenye mpangilio wake kwa ajili hiyohiyo. Na nimeongeza jambo ambalo naliona muhimu kuliko yote hayo: kila Jumapili mashine hunitumia barua hata kama hakuna tatizo, yenye hali ya safu na kaunta chache. Barua hiyo isipofika, ndipo nashtuka. Kabla ya hapo kimya cha mashine na uzima wake nilivichukulia kuwa kitu kimoja, na kwa wiki 11 kimya kile kilikuwa kinanidanganya.

## Mapacha

Nilipozipanga diski zote nne mezani ili nipige picha namba zao, niliona jambo lililonifanya nikae chini.

Namba zote zilianza sawa. Zilitofautiana tarakimu mbili za mwisho tu. Nilizinunua siku moja, kutoka boksi moja, na yawezekana zilitoka kiwandani saa moja. Zimewashwa siku moja. Zimekula umeme mmoja, joto moja, mtikisiko mmoja, kwa saa zilezile.

Hesabu ya RAID, tangu David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz walipoiandika pale Berkeley mwaka 1988, imejengwa juu ya dhana kwamba diski moja ikifa, kifo chake hakihusiani na cha mwenzake. Kwa dhana hiyo, uwezekano wa mbili kufa usiku mmoja ni mdogo mno. Mwaka 2007 Gibson huyohuyo, safari hii pamoja na Bianca Schroeder, walichunguza rekodi za diski zipatazo laki moja zilizokuwa kazini kwenye mitambo mikubwa, wakaona kwamba ubadilishaji wa diski haukuja mmojammoja kwa bahati kama hesabu inavyotaka. Ulikuja kwa makundi. Na diski zilianza kuchoka mapema kuliko watu walivyodhani.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni wa SSD, diski zisizo na sehemu inayozunguka. Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake zilikuwa na kosa kwenye programu yao ya ndani: zikifikisha saa 32,768 za kuwaka, zinazima kabisa na data haipatikani tena. Hiyo ni miaka 3, siku 270 na saa 8. Hebu fikiria safu ya SSD nane kama hizo, zote zimewashwa asubuhi moja. Hakuna pariti, ile hesabu ya akiba inayorudisha data ya diski iliyopotea, inayokusaidia hapo.

Mimi niliona ufahari diski zangu zikifanana. Nilidhani kufanana ni nidhamu.

Sasa nazitenganisha umri kwa makusudi. Sisubiri diski ife. Kila mwaka nitaitoa moja, ile yenye saa nyingi zaidi, hata kama kaunta zake ni safi. Na kuna namna ya kufanya hivyo bila kuivua safu nguo: badala ya kuitoa ya zamani kwanza, unaiongeza mpya, halafu `mdadm /dev/md0 --replace /dev/sdb --with /dev/sde`. Ya zamani inabaki kazini wakati inanakiliwa. Pakitokea sekta isiyosomeka, inakokotolewa kutoka kwa wenzake. Safu haikai hata dakika moja bila ulinzi wake. Jumamosi ile ningeijua amri hii na kuipa sdc nafasi ya kukaa kwenye kiti chake, nisingekuwa naandika haya.

## Shaka

Katikati ya wiki ya tatu nilikaribia kuacha yote. Nilikuwa nasoma utafiti mwingine wa mwaka huohuo 2007, wa Google, kwa diski zao zaidi ya laki moja. Una habari mbili zinazovutana. Ya kwanza: diski ikishaonyesha kosa lake la kwanza wakati wa kupekuliwa uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 ya ile isiyo na kosa. Hiyo inatia moyo, maana yake dalili zina maana. Ya pili: zaidi ya asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote ya SMART, ukiacha joto.

Zaidi ya theluthi moja zilikwenda bila kuaga.

Nikajiuliza, basi haya yote ya nini? Kama diski inaweza kulala nzima na kuamka maiti, barua za Jumapili ni za kunifariji tu?

Nilitembea na swali hilo siku kadhaa. Kilichonitoa humo ni kuirudia hadithi yangu mwenyewe, hatua kwa hatua, na kugundua kwamba ndani yake hakuna diski hata moja iliyokufa ghafla. sdc ilikuwa nzima. sda ilikuwa na sekta 24 mbovu ambazo zilikuwepo kwa wiki 11, labda zaidi, na zilizobaki zote zilisomeka. Kama sdc ingekufa kweli usiku ule, kwa kifo kile cha ghafla kisichotabirika, safu yangu ilikuwa na wajibu wa kuistahimili. Ndiyo kazi yake. Ilishindwa kwa sababu sda ilikuwa imebeba deni la siri.

Tangu hapo nimeacha kuuliza diski ipi itakufa. Nauliza: leo hii ikifa yoyote, je, zilizobaki zinasomeka mpaka baiti ya mwisho?

Na hilo linaweza kujulikana. Unazisoma.

## Mficha maradhi

Sekta zile 24 zilikuwa ndani ya folda ambayo haikufunguliwa kwa miaka minne. Sumaku yake ilififia au uso wake ulikwaruzika, siwezi kusema lini, kwa sababu hakuna aliyekwenda kuuliza. Ukiacha diski kujipekua yenyewe, ujenzi upya ndio uliokuwa wa kwanza kusoma pale baada ya miaka yote hiyo, na ulisoma wakati ambapo hapakuwa na diski ya akiba. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Linux ina dawa ya hili tangu zamani. Ukiandika neno `check` ndani ya `/sys/block/md0/md/sync_action`, safu inasoma kila sekta ya kila diski, kutoka mwanzo hadi mwisho, na ikikuta isiyosomeka inaikokotoa na kuiandika upya wakati diski zote zipo. Debian niliyokuwa naitumia ilikuja na kazi hiyo tayari: Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa sita na dakika 57 usiku.

Mimi mashine yangu huizima saa nne usiku.

Miaka mitano, kila usiku saa nne. Cron, ile inayoendesha kazi kwa ratiba, haikufidia hata mara moja, maana haijui kufidia: saa ikipita mashine imezimwa, kazi imepita. Nilitafuta kwenye logi za zamani nione kama ukaguzi uliwahi kufanyika. Niliona mmoja, wa mwaka wa kwanza, usiku ambao nilikuwa na mgeni nikasahau kuzima.

Nimeuhamishia saa sita mchana. Kwa TB 4 unachukua mchana na jioni yote, na ukisoma faili wakati huo unahisi uzito kidogo. Ukiisha naangalia `mismatch_cnt`. Ikiwa sifuri, napumua. Ikiwa si sifuri kwenye RAID 5 au 6, naichukulia kwa uzito kuliko onyo lolote lingine, kwa sababu maana yake data na pariti hazikubaliani, na safu yenyewe haiwezi kujua kwa hakika nani mkweli kati yao. Pamoja na huo, smartd huamuru jaribio refu la diski moja kila wiki, kwa zamu.

## Mengine kwa haraka

Joto: nimeweka feni moja kubwa inayozunguka taratibu mbele ya diski, na sihangaiki zaidi ya hapo. Utafiti ule wa Google ulionyesha kwamba joto la wastani si muuaji tunayemdhania.

Mtikisiko naujali zaidi. Mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg, akiwa Sun Microsystems, alisimama mbele ya diski zilizokuwa kazini na kuzipigia kelele kwa sauti yake, na grafu ikaonyesha wazi zikichelewa kujibu. Sauti ya mtu tu! Boksi langu lilikuwa limegusana na spika ya besi. Haligusani tena.

Kabla ya kununua diski, tafuta kwanza kama ni SMR, zile zinazoandika njia zake za data zikipandana kama vigae. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba diski za namna hiyo zilikuwa zinauzwa kwa watu wa NAS, yaani mashine za kuhifadhia faili kwenye mtandao, bila kutajwa. Wakati wa kujenga upya, kasi yake inaweza kuporomoka hadi saa ziwe siku, na siku hizo zote safu iko uchi.

Na bandika karatasi yenye namba ya diski mbele ya kila moja. Herufi sda na sdc hubadilishana viti mashine ikiwaka upya. Kuitoa diski nzima ukidhani ni ile mbovu ni kosa la sekunde moja.

La nakala ya akiba nje ya mashine sitalirefusha, mnalijua. Picha zetu zilikuwa nayo. Rekodi za sauti hazikuwa nayo, na hilo nimeshalirekebisha.

## Robo tatu ya sekunde

Uokoaji wenyewe ulikuwa wa utulivu. Jambo la kwanza nililojizuia kulifanya ni `mdadm --create`. Watu wengi wamepoteza safu zao kwa amri hiyo wakiwa na hofu. Nilichukua diski mpya, nikainakili sda yote kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, na faili yake ya ramani ili niweze kusimama na kuendelea. Sehemu nzuri zilipita usiku mmoja. Kisha ikarudi kwenye sehemu ngumu, tena, na tena. Mwisho ikabaki na baiti 12,288 ambazo hazikutoka. Sekta 24, kama barua ilivyosema wiki 11 kabla.

Nikaiunganisha safu kwa nguvu nikitumia nakala ile pamoja na sdb na sdd. Ikasimama. Nikaikagua, nikaijenga upya kwenye diski ya nne. Kisha nikakokotoa pengo liko wapi, na debugfs ikanipa jina la faili.

Kwa kipande kile cha data, pariti ilikuwa kwenye sdc. Ile niliyoifuta nikiipima. Pale palikuwa na sifuri sasa.

Faili ni rekodi ya mama yangu. Alirekodiwa na simu miaka miwili kabla hajatutoka, anasimulia siku nilipopotea nikiwa na miaka minne na jinsi walivyonitafuta. Ni MP3 ya kilobiti 128, yaani baiti 16,000 kwa sekunde. Pengo ni kama robo tatu ya sekunde. Linaangukia pale anaposema alitoka nje akaniita kwa sauti: unamsikia anavuta pumzi, kisha kimya kidogo chenye mkwaruzo, kisha anaendelea, "na hukuitika."

Kilichopotea ni jina langu la utotoni. Hakuna mwingine aliyekuwa analitumia.

sdc ya zamani sikuitupa. Nilifikiri sana juu yake, na najua wapo ambao wasingeigusa tena baada ya kutoa kosa. Lakini ilipita ruwaza nne bila doa, na kaunta ya sekta zilizohamishwa iko sifuri, kwa hiyo nimeirudisha kama diski ya tano na kuibadili safu kuwa RAID 6, inayovumilia kupotea kwa diski mbili. Haikubali scterc, basi kerneli inaisubiri sekunde 180. Neno IMEKUFA bado limeandikwa juu yake, limefifia kidogo.

Jumapili iliyopita ukaguzi ulikuwa kwenye asilimia 40 na diski zinanguruma taratibu, binti yangu alipokuja na spika yake ya masikioni. Alikuwa ameipata rekodi kwenye simu yangu.

"Baba, hapa Bibi anakuita nani?"

Nikamwambia.

Akacheka, akarudisha nyuma, akaanza kusikiliza tena tangu mwanzo. Ilipofika pale kwenye pumzi, alilisema yeye.